Dirisha Lililofungwa: Neno Juu ya Somo la Msuguano

Katika ziara zetu za kuwakagua wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha, tumezoea kuketi nyuma ya darasa, daftari mkononi, tukilipima somo hatua kwa hatua kwa kulilinganisha na andalio lake. Siku moja tulikuwa katika shule ya msingi ya Mbezi Beach, upande wa juu wa Barabara ya Bagamoyo, ambako ardhi huanza kupanda kuelekea Goba. Mada ilikuwa msuguano. Mwanachuo wetu alikuwa ameandika ubaoni, kwa mwandiko safi wa kupendeza, maana ya msuguano, faida 3 za msuguano na hasara 3 za msuguano. Faida ya pili ilisomeka hivi: "Husaidia kusimamisha vyombo vya moto." Watoto walikuwa wakinakili, nasi tulikuwa karibu kumpa alama nzuri.

Nje, hatua zisizozidi 20 kutoka dirishani, chini ya mwarobaini, fundi alikuwa amelipandisha kwenye jeki gari la mmoja wa walimu. Alikuwa amekwisha kulivua gurudumu la nyuma, na sasa aligonga pole pole kwa nyundo ya mbao ili diski iliyoshikwa na kutu ipate kutoka. Alikuwa akitengeneza breki ya mkono, handibreki kama wasemavyo mafundi. Kila nyundo ilipolia, vichwa vya watoto viligeuka. Mwanachuo alivumilia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alikwenda akalifunga dirisha.

Hatuandiki haya ili kumlaumu kijana yule. Sisi ndio tuliomfundisha. Katika fomu tunayoitumia kumpimia mwanachuo ipo nafasi ya utulivu wa darasa, ipo nafasi ya matumizi ya ubao, ipo hata nafasi ya unadhifu wa mavazi. Nafasi ya kumpa alama mwalimu aliyefungua dirisha haimo. Naye akafanya kama fomu itakavyo.

Ni lazima tueleze kwanza kwa nini gari lile lilikuwa pale. Wiki iliyotangulia betri yake ilikuwa imekufa, na walimu wakakubaliana kulisukuma kutoka karibu na ofisi hadi kivulini. Gari lenyewe ni otomatiki. Mwenyewe alilitoa kwenye gia ya P akaliweka kwenye N, wenzake wakasukuma, na walipochoka akavuta handibreki ili wapumzike. Wakaliachilia. Gari likaanza kwenda. Likashuka taratibu, kisha si taratibu tena, likaukata uwanja ambapo wanafunzi hupanga mistari asubuhi, likaishia katika ua wa michongoma. Hakuumia mtu. Dakika chache baadaye kengele ya mapumziko ililia, na uwanja ule ule ukajaa watoto wa darasa la kwanza na la pili wakigombea vikombe vya uji.

Kwa hiyo watoto waliokuwa wakinakili faida ya pili ya msuguano walikuwa wameiona kwa macho yao siku ambayo msuguano haukusaidia kitu. Walikuwa na swali tayari vichwani mwao. Somo halikuwauliza.

Wakati wa mapumziko tulimfuata fundi, mwanachuo akiwa nasi na kundi la watoto nyuma yetu. Baada ya kuamkiwa na kuitikia, fundi alituonyesha viatu vya breki alivyovitoa. Kwa msomaji ambaye hajapata kuviona: kiatu cha breki ni kipande cha chuma kilichopinda kama mwezi mchanga, na juu ya mgongo wake limebandikwa kwa gundi, au kugongewa kwa ribiti, gamba gumu la kusugulia. Viatu viwili hukaa ndani ya dramu inayozunguka pamoja na gurudumu. Mkono unapovuta handibreki, waya huvuta kishikio kidogo kilichomo ndani, kishikio hutanua viatu, na magamba hubana dramu. Springi huvirudisha mkono unapolegeza. Katika magari mengi madogo yenye dramu nyuma, viatu hivyo hivyo hutumika kwa breki ya mguu na ya mkono. Lakini gari lile lilikuwa na diski nyuma, na katikati ya diski kuna dramu ndogo yenye viatu vyake vidogo, ambavyo kazi yao ni moja tu: kulizuia gari lililokwisha kusimama.

"Mwalimu," fundi alimwambia mwanachuo, "hivi havikulika. Vimeoza."

Ilikuwa kweli. Gamba la kiatu kimoja lilikuwa bado nene, lakini lilikuwa limebanduka lote na kubaki kama ganda la embe. Chuma chini yake kilikuwa chekundu kwa kutu. Waya nao ulikuwa umekamatana ndani ya mfuko wake, hata fundi alipouvuta kwa koleo haukusogea. Akaeleza kwamba mwenye gari, kama madereva wengi wa otomatiki, huweka P akashuka. Ile P ni kijino cha chuma kinachoingia katika gia na kulifunga gari, nacho hufanya kazi yake vema kiasi kwamba dereva husahau kuwa handibreki ipo. Siku anapoihitaji, haipo.

Ndipo binti mmoja wa darasa la sita akauliza, "Fundi, kama havitumiki, mbona vimeharibika?"

Fundi akacheka. "Muulize mwalimu wako."

Mwanachuo alitutazama. Nasi, tuseme kweli, tulitazamana.

Swali lile lina thamani kuliko faida 3 na hasara 3. Watoto wetu wanajua kwamba kitu kinachotumika huchakaa: kandambili, daftari, sufuria. Kwamba kitu kinaweza kuharibika kwa kutotumika ni jambo linalowashangaza, na mshangao ndio mlango wa somo la sayansi. Jibu lake linapatikana hapo hapo Mbezi Beach. Chuma, maji na hewa vikikutana huzaa kutu, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Upepo utokao baharini hubeba chumvi hadi juu ya mabati ya nyumba zetu, nayo mvua ya masika huacha madimbwi na mchanga barabarani ambavyo magurudumu hurusha chini ya gari. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikiota kati ya kiatu na gamba, hulisukuma gamba mpaka libanduke. Ikiota ndani ya mfuko wa waya, huubana waya. Handibreki inayovutwa kila siku hukwangua kutu changa kabla haijakomaa, na ile isiyovutwa huachiwa kutu nafasi yote.

Mwalimu anaweza kulithibitisha hilo bila gari wala fundi. Achukue misumari 3 na chupa 3. Msumari wa kwanza aweke katika chupa kavu iliyofungwa, wa pili katika maji ya bomba kidogo, na wa tatu katika maji ya bahari, ambayo mtoto anayekaa upande wa chini wa barabara anaweza kuyaleta akiwa na mzazi au ndugu yake mkubwa. Maji yaufunike msumari nusu tu, ili hewa nayo ifike. Kwa wiki moja watoto wachore wanachokiona kila asubuhi. Gharama yake ni misumari 3.

Hesabu nazo zimo. Tuchukue mteremko ambao hushuka mita 1 kwa kila mita 10 za njia. Gari la kilo 1000 likisimama hapo, mteremko hulivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100. Hiyo ni mifuko 2 ya saruji, na kila mtoto wa Mbezi Beach, mji ambao haujaacha kujengwa, anaujua uzito wa mfuko wa saruji kwa kuwaona wanaoubeba. Viatu 4, viwili kila upande, ndivyo vinavyoishika mifuko hiyo usiku kucha. Tena mkono wa dereva hauvuti kilo 100. Hata kilo 20 ni kazi. Nguvu iliyozidi imetoka wapi? Hapo mwalimu amekwisha kuingia katika mada ya nyenzo bila kuitangaza. Mpini wa handibreki ni mrefu upande wa mkono na mfupi upande wa waya. Ukiwa sentimita 30 upande mmoja na 5 upande wa pili, mkono umeongezewa nguvu mara 6, kabla ya kile kishikio kidogo cha ndani ya dramu kuongeza ya kwake. Mwanafunzi aliyepata kung'oa msumari kwa nyundo yenye kucha atalitambua jambo hilo mara moja.

Wapo wenzetu wanaotupinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema shule ya msingi si VETA, na kwamba mtoto wa miaka 11 hana gari la kutengeneza. Wanasema muda hautoshi, na mtihani wa mwisho hauulizi habari za viatu vya breki. Wengine wanasema waziwazi kwamba mafunzo ya gereji ni ya watoto walioshindwa masomo.

Hoja ya mwisho ndiyo tunayoikataa kabisa. Ni mabaki ya fikra ambazo Mwalimu Nyerere alizipiga vita mwaka 1967 alipotoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au karakana kama sehemu ya maisha yake. Katika utekelezaji, shule nyingi zililishika shamba na kuisahau karakana. Jembe likawa ndiyo Elimu ya Kujitegemea yote, na mara nyingine likawa adhabu ya wachelewaji. Watoto wa mjini, ambao mazingira yao ni gereji, cherehani na mashine za kusaga, wakaachwa bila kitu. Fundi aliyekuwa chini ya mwarobaini alijua sababu za kutu kwa vidole vyake. Mwanachuo alijua maana ya msuguano kwa kalamu yake. Ukuta na dirisha vilikuwa kati yao, na aliyelifunga dirisha ni msomi.

Kuhusu muda na mtihani, tunakiri kwamba shida ipo. Darasa la watoto 70 halichukuliwi nje kama darasa la watoto 20, na mwalimu mkuu huulizwa habari za matokeo. Lakini na tujiulize ni vipindi vingapi hupotea kurudia mada ambayo watoto waliinakili bila kuielewa. Aliyeshika kiatu cha breki hahitaji kukaririshwa kwamba msuguano husimamisha magari.

Na kuhusu gari ambalo mtoto hana: hana gari, lakini huishi katikati ya magari. Huvuka nyuma ya daladala lililosimama na hucheza karibu na lori la mchanga lililoegeshwa mlimani. Amemwona utingo akiruka chini na gogo lake kulikinga tairi hata kabla lori halijatulia. Hapa tuna neno la kando. Gogo la utingo ni kitu chema, nasi tungependa kila gari linaloegeshwa mlimani liwe nalo. Ubaya huanza pale jiwe linapochukua nafasi ya matengenezo, gari likakaa miaka kwa jiwe, na jiwe likasahauliwa siku moja tu. Mtoto aliyefundishwa atajua kwamba jiwe nyuma ya tairi linaweza kuwa na maana mbili, ama dereva mwangalifu ama breki mbovu, na hatasimama upande wa mteremko kusubiri kujua ni ipi.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu, tunashauri aanze na zana mbili tu: kiatu kilicholika na kiatu kilichooza. Cha kwanza kitapatikana gereji yoyote, hasa kikiwa kimetoka katika gurudumu la nyuma la Hiace ya daladala, ambalo hufunga breki kutwa nzima kituo hadi kituo. Gamba lake litakuwa limekonda mpaka ribiti zimekaribia kugusa dramu, au zimekwisha kuikwaruza. Cha pili ni kama kile cha gari la mwalimu, kilichokufa kikiwa kinene. Viweke mezani bila kusema neno, na uwaulize watoto kipi kimefanya kazi zaidi. Wabishane. Usiwahi kuwapa jibu. Wapime unene kwa rula. Waambie kwamba kwa magari mengi ya Toyota gamba likifika milimita 1 kiatu hakifai tena, nao wenyewe watoe hukumu. Wasiokuwa na gari nyumbani watazame breki za baiskeli, ambako mpira hubana ringi mbele ya macho ya kila mtu.

Jambo moja lisilegezwe. Magamba ya zamani mengi yalitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Kwa kumtazama tu, huwezi kujua kiatu gani kinayo. Kwa hiyo viatu vya darasani vifutwe kwa kitambaa kilicholowa, kisha vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Visipulizwe, visipigwe msasa, visigongwe. Fundi wetu naye alikuwa amezoea kupuliza vumbi la dramu kwa kinywa, na mwanachuo ndiye aliyemweleza hatari yake. Alisikiliza, akaagiza maji na kitambaa. Elimu, kumbe, ilipita dirishani kwenda pande zote mbili.

Vivyo hivyo mtoto asiingie chini ya gari, wala asikaribie gari lililo juu ya jeki. Watoto wasimame mbali, fundi afanye, mwalimu aulize. Na yafaa waone kila hatua ilivyopangwa kwa sababu: mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele kabla ya jeki kuguswa, stendi ya chuma chini ya gari, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa, handibreki kulegezwa kabla ya kuvua dramu, viatu kubadilishwa pande zote mbili hata kama upande mmoja unaonekana mzima, grisi kidogo sana pale kiatu kinaposugua sahani ya nyuma, na hata tone lisifike kwenye gamba. Mtoto mwerevu atauliza kwa nini tunapaka grisi mahali pamoja na kuiogopa mahali pengine, sentimita chache tu kutoka hapo. Akiuliza hivyo, faida na hasara za msuguano zimekwisha kufundishwa.

Mwanachuo wetu alilirudia somo wiki iliyofuata, kwa hiari yake. Halikwenda vizuri kama tunavyoweza kulipamba hapa. Kipindi kilimshinda kwa dakika 15, mwalimu wa Kiswahili akasimama mlangoni na vitabu vyake, na hasara za msuguano hazikufikiwa kabisa. Mvulana mmoja alileta viatu vya Hiace kutoka gereji ya mjomba wake, vimefungwa katika gazeti, akakataa kuvishika mtu mwingine yeyote mpaka aambiwe mara tatu.

Mwishoni aliwatoa nje na kuwapanga kivulini, mbali na gari. Fundi alikuwa amekwisha kukaza gurudumu dogo la meno mpaka diski ikakwama, kisha akalirudisha nyuma meno machache kama kitabu cha gari kinavyoagiza, na waya mpya ulikuwa mahali pake. Gari lilikuwa juu ya mteremko, mawe yakiwa hatua moja chini ya magurudumu endapo lolote lingetokea. Mwenye gari aliketi ndani, mguu kwenye breki, gia kwenye N. Akavuta mpini pole pole, na watoto wakahesabu milio yake kwa sauti moja: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Katika magari mengi milio 5 hadi 8 inatosha. Kisha akainua mguu.

Watoto walinyamaza kwa muda mrefu kuliko walivyopata kunyamaza darasani. Gari halikusogea. Binti wa darasa la sita aliuliza kama mwalimu ataivuta hivyo kila siku sasa, na mwenye gari, kichwa kikiwa nje ya dirisha, akamjibu kwamba ataivuta.